Krauni ya kauri ikimeguka: mwongozo kamili wa kuirekebisha kinywani kwa silani na kompositi

Krauni (kofia inayofunika jino) ya kauri iliyochomewa juu ya chuma humeguka zaidi kwenye ncha ya kukatia au kwenye kilele cha gego. Kuing'oa yote kwa sababu ya kipande kilichotoka ni kazi nzito. Kisiki cha jino kinaweza kupasuka wakati wa kung'oa, na kama krauni hiyo ni nguzo ya daraja (meno bandia yaliyounganishwa), unapoteza daraja zima. Ikiwa kauri iliyobaki ni imara, pengo linajazwa kwa kompositi (resini ya kujazia yenye rangi ya jino) kwa kikao kimoja.

Kiraka cha namna hii hushikwa na vitu viwili: vijishimo vilivyochimbwa kwenye kauri, na silani inayounganisha kauri na resini. Cha pili hakifanyi kazi bila cha kwanza. Viraka vingi vinavyodondoka mapema vilipakwa silani nzuri juu ya uso mbaya, au juu ya uso mzuri uliokwisha kuguswa na mate.

Maelezo haya ni kwa madaktari na matabibu wa meno, pamoja na wanafunzi walioanza kliniki. Asidi inayotumika hapa ni hatari, na mtu ambaye hajafundishwa kuitumia asiiguse.

Silani inafanya nini hasa

Silani ya meno kwa kawaida ni 3-methakriloksipropili-trimethoksisilani. Upande mmoja wa molekuli hiyo una vikundi vya methoksi ambavyo, vikikutana na maji yenye asidi kidogo, hugeuka kuwa silanoli na kushikana na silika iliyo kwenye kauri. Upande wa pili una methakrilati, ambayo huungana na resini inapoganda. Ni mshenga kati ya koo mbili zisizojuana: akishindwa kuingia nyumba moja, ndoa haipo hata kama nyumba ya pili imemkaribisha.

Mambo matatu yanafuata hapo. Kwanza, silani inahitaji silika. Zirkonia (kauri nyeupe ngumu isiyo na kioo) na chuma havina, kwa hiyo haviungani nayo moja kwa moja. Pili, si gundi. Haina nguvu yake yenyewe, na tabaka nene ni dhaifu kuliko jembamba kwa sababu molekuli za juu hushikana zenyewe kwa zenyewe badala ya kuishika kauri. Tatu, muungano wake huliwa polepole na maji ya kinywani, ndiyo maana vijishimo vya asidi vinahitajika pamoja nao.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1975 Rochette wa Ufaransa alieleza kipande cha kauri kilichopakwa silani na kubandikwa kwa resini kwenye jino la mbele lililovunjika. Mwaka 1983 Simonsen na Calamia walionyesha kwamba kauri iliyochimbwa kwa asidi ya hidrofloriki hushika resini kwa nguvu kubwa zaidi.

Kwanza uliza imevunjika kwa nini

Weka karatasi ya rangi ya kupimia mgusano, mgonjwa aume, kisha asogeze taya kushoto, kulia na mbele. Ukikuta alama nzito ukingoni mwa palipovunjika, umepata chanzo, na chanzo hicho kitavunja kiraka pia. Tazama meno mengine: ncha zilizolika bapa ni dalili ya kusaga meno usingizini, na mtu huyo atahitaji kifaa cha kuvaa usiku.

Usirekebishe krauni inayocheza, yenye jino lililooza ukingoni, au yenye ufa unaopita hadi shingoni. Pia usirekebishe ikiwa chuma kilichofunuliwa kinajikunja, kwa maana hicho ni chembamba mno na kauri yoyote itakayowekwa juu yake itapasuka tena. Hapo mweleze mgonjwa kwamba anahitaji krauni mpya.

Tambua ni kauri gani

Huu ndio uamuzi unaobeba kila kitu kinachofuata, kwa sababu nguvu ya asidi na muda wake hutegemea aina ya kauri. Rekodi ya maabara ndiyo jibu bora. Isipokuwepo, angalia palipovunjika: ukiona chuma, hiyo ni kauri ya feldspati juu ya chuma. Ukiona kiini cheupe kisichopitisha mwanga, chini ya tabaka lenye mng'ao wa kioo, yaelekea ni zirkonia iliyofunikwa kwa kauri. Picha ya eksirei husaidia, kwani chuma na zirkonia huonekana vyeupe kabisa, huku lithiamu disilikati (kauri ya kioo yenye fuwele) na feldspati zikiwa hafifu zaidi.

Kauri ya feldspati huchimbwa kwa jeli ya asidi ya hidrofloriki ya asilimia 9 hadi 10, sekunde 60 hadi 90. Kauri yenye lusaiti (aina ya fuwele) huchukua sekunde 60 kwa jeli ya asilimia 5. Lithiamu disilikati huchukua sekunde 20 tu kwa asilimia 5. Watu huzidisha hapa wakidhani muda mrefu ni nguvu zaidi, kumbe asidi inakula kioo kinachozishikilia fuwele na kuacha uso uliolegea. Zirkonia haichimbwi na asidi hii katika hali ya kliniki, hata ukiiacha nusu saa.

Asidi ya fosforiki, ile ya buluu ya asilimia 37 tunayopaka kwenye enameli, haichimbi kauri yoyote. Inasafisha tu. Anayeitumia badala ya hidrofloriki amepaka silani juu ya uso laini.

Vya kuwa mezani kabla mgonjwa hajaketi

- Jeli ya hidrofloriki ya kimeno yenye rangi, katika sindano ya plastiki. Usiimimine kwenye kikombe wala kibao cha kioo, kwa kuwa itakitafuna.
- Jeli ya kalisi glukonati ya asilimia 2.5. Isipopatikana tayari, changanya mililita 25 za kalisi glukonati ya sindano ya asilimia 10 na mililita 75 za jeli ya kulainishia inayoyeyuka kwenye maji.
- Magadi ya kupikia (baikaboneti) au unga wa kalisi kaboneti, wa kupoozea asidi.
- Shuka la mpira la kutenga meno na resini ya kuziba ukingo wake.
- Silani, bondi (resini nyepesi ya kushikiza kompositi) isiyo na maji, kompositi ya rangi inayofaa, na kompositi nzito ya kufunika chuma.
- Mashine ndogo ya kupuliza mchanga wa alumina wa mikrometa 50, kama unayo.
- Miwani mitatu: yako, ya msaidizi na ya mgonjwa.

Chagua rangi ya kompositi kabla ya kuweka shuka, jino likiwa limelowa. Jino likikauka huwa jeupe zaidi, na rangi utakayochagua wakati huo itaonekana kosa jioni.

Kutenga na kuandaa kingo

Weka shuka la mpira na ulifunge kwenye shingo ya krauni, kisha ziba ukingo wake kwa resini ya kuzibia na uigandishe kwa taa. Pamba peke yake haitoshi kwa asidi hii. Mahali ambapo shuka halikai kabisa, acha hidrofloriki na utumie njia ya mchanga tu. Kiraka kitakuwa dhaifu kidogo, lakini ufizi utabaki salama.

Kwa keekee ya almasi laini na maji ya kutosha, ondoa kingo zote zilizolegea na ukate ukingo wa mshazari wa nyuzi 45, upana wa milimita 1 hadi 2 kuzunguka pengo. Mshazari unaongeza eneo la kushika na kuficha mstari kati ya kauri na kompositi. Usikandamize: joto na mtikisiko huanzisha nyufa ndogo ambazo huzioni. Kisha puliza mchanga wa alumina kwa shinikizo la bar 2 hadi 3, umbali wa milimita 10 hivi, sekunde 10, msaidizi akiwa na mrija wa kunyonya karibu. Lithiamu disilikati isipulizwe alumina. Asidi yake inatosha.

Asidi ya hidrofloriki

Jeli hii haina ukali wa kuhisiwa mara moja, na hapo ndipo hatari yake. Hupenya ngozi hadi ndani na kushika kalisi ya mwili. Katika nguvu iliyo chini ya asilimia 20 maumivu yanaweza kuchelewa hadi saa 24, kwa hiyo mtu asiyelalamika si lazima awe salama. Vaa glovu mbili za nitrili na ubadilishe ya juu mara tu jeli inapoigusa.

Paka jeli kwenye kauri pekee, ikiwemo sehemu ya mshazari, kwa tabaka linaloonekana. Anza kuhesabu kwa saa, si kwa kukisia. Muda ukiisha, nyonya jeli kwanza kwa mrija mwembamba mpaka isionekane. Ukianza na maji ya kupuliza utairusha. Kisha mwagia maji ya magadi au unga wa kalisi kaboneti, nyonya, na osha kwa maji mengi kwa sekunde 60 huku mrija ukiwa pale pale.

Kausha kwa hewa safi. Uso wa feldspati uliochimbwa sawasawa unakuwa mweupe usiong'aa, wenye unga unga kwa kuutazama. Sehemu inayong'aa haijachimbwa. Irudie hapo tu kwa muda pungufu.

Huo weupe, hata hivyo, si wote ni vijishimo. Sehemu yake ni chumvi za floridi zilizoundwa na asidi zikakaa juu, nazo huizuia silani kuigusa kauri. Sugua asidi ya fosforiki ya asilimia 37 kwa kibrashi kwa sekunde 60, osha tena, kausha. Ni hatua inayorukwa sana, labda kwa sababu uso tayari unaonekana mzuri. Kipande kilicho nje ya kinywa, kwa mfano ganda la jino kutoka maabara, husafishwa vizuri zaidi kwa dakika 5 kwenye chombo cha mawimbi ya sauti chenye maji yaliyosafishwa.

Jeli ikimgusa mtu: osha kwa maji mengi mara moja, kisha paka jeli ya kalisi glukonati na uisugue taratibu, ukirudia mpaka maumivu yakome, na mpeleke hospitali. Kwa jicho, osha kwa maji mfululizo na kimbilia hospitali; usiweke jeli ya kalisi jichoni.

Silani

Kuna za chupa moja, ambazo tayari zimeamshwa kiwandani katika ethanoli na maji kidogo, na za chupa mbili, ambapo tone la silani huchanganywa na tone la kimiminika cha asidi wakati wa kutumia. Za chupa moja ni rahisi, ila huharibika zenyewe kadiri muda unavyopita kwa sababu molekuli zilizoamka huanza kushikana. Joto huharakisha jambo hilo. Katika chumba cha Dar es Salaam au Mombasa kisicho na kiyoyozi, chupa inayokaa kabatini huchakaa kabla ya tarehe iliyoandikwa. Ihifadhi kwenye friji isipokuwa mtengenezaji amekataza, itoe ifikie joto la chumba kabla ya kuifungua, na uifunge mara baada ya kudondosha, kwani ethanoli ikiruka nguvu ya dawa inabadilika.

Silani nzuri ni angavu kama maji. Ikiwa ya maziwa au ina chembe, tupa. Angavu nayo si uthibitisho kamili, lakini kuna jaribio rahisi. Safisha kipande cha kioo cha darubini, paka silani nusu yake, kausha kwa hewa ya uvuguvugu, kisha weka tone la maji kila upande. Kwenye kioo kitupu tone husambaa. Kwenye silani iliyo hai hujikusanya. Likisambaa pande zote mbili, agiza chupa mpya.

Sasa kwenye jino. Kauri iwe kavu kabisa na isiguswe tena na chochote. Paka tabaka moja jembamba kwa kibrashi kipya na uache sekunde 60, au muda ulioandikwa kwenye chupa yako. Usisugue, usirudie tabaka juu ya tabaka, na usiwashe taa: silani haigandi kwa mwanga. Kisha puliza hewa mpaka hakuna kimiminika kinachotembea.

Joto hapa ni rafiki. Hewa ya uvuguvugu kutoka dryer ndogo, sekunde 30 hadi 60 kwa umbali ambao mgonjwa hasikii kuungua, huondoa maji na pombe na kusukuma mbele muungano kati ya silani na kauri. Kwa kipande kilicho nje ya kinywa, maabara huenda hadi nyuzi 100 kwa dakika moja. Uso uliomaliza haupaswi kuwa na madoa yanayong'aa. Yakiwapo, silani imezidi. Ifute kwa pombe safi, kausha, anza hatua hii upya.

Jambo moja dogo linaloua viraka vingi: hewa yenye mafuta. Puliza bomba la hewa kwenye kioo cha mdomoni kilicho safi kabla ya kuanza. Ukiona ukungu wa mafuta au matone, kompresa inahitaji kuhudumiwa, na kazi hiyo iahirishwe.

Mate yakigusa kauri baada ya silani, usifute na kuendelea. Rudi kwenye asidi ya fosforiki kwa sekunde 60, osha, kausha, paka silani tena. Huhitaji kurudia hidrofloriki.

Bondi zinazouzwa zikiwa na silani ndani yake huokoa muda, lakini mazingira ya asidi ya chupa hiyo huifanya silani ishikane yenyewe mapema. Kwa kauri ya feldspati na lithiamu disilikati, silani ya chupa yake yenyewe ndiyo ya kuaminiwa.

Bondi na kompositi

Paka bondi jembamba, ipunguze kwa hewa, gandisha sekunde 20. Ikiwa ina maji au pombe, puliza mpaka isitetemeke tena.

Chuma kilichofunuliwa kipakwe kompositi nzito isiyopitisha mwanga, unene usiozidi nusu milimita, na kila tabaka ligandishwe sekunde 40, kwa kuwa rangi hiyo nzito huziba mwanga wa taa. Baada ya hapo jenga kompositi ya kawaida kwa tabaka zisizozidi milimita 2, kila moja sekunde 20 hadi 40 kulingana na taa. Panua kompositi hadi mwisho wa mshazari, bila kuvuka kwenye kauri isiyochimbwa: ukingo unaoning'inia huko hushika rangi ya chai ndani ya wiki chache.

Ondoa shuka, pima tena mgusano. Kiraka kisibebe mzigo katika mwendo wa pembeni. Ng'arisha kwa diski za ukali unaopungua, ukitokea kwenye kompositi kuelekea kauri.

Pakiwa na chuma, zirkonia au jino palipofunuliwa

Chuma: mchanga wa alumina, kisha praima (dawa ya kuandaa uso) yenye MDP, kemikali ya fosfati inayoshika chuma na zirkonia, kwa aloi za nikeli na kromi au kobalti na kromi. Aloi zenye dhahabu huhitaji praima yenye salfa. Mchanga upulizwe kabla ya asidi ya kauri, na praima ipakwe baada ya silani, ukijitahidi ibaki kwenye chuma.

Zirkonia: alumina ya mikrometa 50 kwa shinikizo dogo, bar 1 hadi 2, sekunde 10 hadi 15, kisha praima ya MDP. Hapa asidi ya fosforiki ni adui, kwani fosfati yake hukaa kwenye nafasi zile zile ambazo MDP inazitaka. Pakiwa na kauri na zirkonia pamoja, njia safi ni kupuliza mchanga wa mikrometa 30 uliopakwa silika juu ya vyote viwili, kisha praima yenye silani na MDP, bila hidrofloriki wala fosforiki.

Jino: hidrofloriki ikigusa dentini au enameli, huacha kalisi floridi juu yake na bondi haishiki. Kama jino liko wazi kando ya kauri, lifunike kwa resini ya kuzibia wakati wa asidi, uiondoe baadaye, kisha uliandae jino kwa fosforiki kama kawaida.

Kiraka kikirudi mkononi mwa mgonjwa

Usikitupe. Kitazame kwa kioo cha kukuza upande wa ndani. Ukikuta uso laini unaong'aa, na kauri kinywani nayo ni safi, muungano ulishindwa kwenye silani: asidi haikufanya kazi, chumvi hazikuondolewa, silani ilikufa au mate yaliingia. Rudia kuanzia keekee.

Ikiwa kompositi imebaki kwenye kauri na nyingine imetoka, tabaka zilitengana zenyewe. Angalia nguvu ya taa, na kama kulikuwa na unyevu kati ya tabaka. Ikiwa kiraka kimetoka na ganda la kauri mgongoni mwake, muungano ulikuwa na nguvu kuliko kauri yenyewe. Hapo kurudia silani hakusaidii: rudi kwenye karatasi ya rangi utafute mgusano unaoelemea, na kama haupo, andika barua ya maabara kwa krauni mpya.